Mezani kwa Karani: Hii ni Picha ya Nini?



Mambo ninayowasimulia leo yalianza mwaka jana, kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa nimeketi ofisini naandika majina katika kitabu cha ubatizo, mara akaingia mzee mmoja wa hapa Nkuhungu. Jina lake sitalitaja, maana ameniruhusu kusimulia kwa sharti hilo. Nikasimama nikamwamkia, akaitika, akaketi. Mkononi alikuwa na simu ya mjukuu wake, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika yai la jirani.

"Karani," akasema, "wewe umesomea ualimu. Hebu niambie, hii ni picha ya nini?"

Nikaipokea simu, nikatazama. Niliona madoa ya rangi ya udongo, mekundu na ya kahawia, na juu yake mistari myeupe iliyopindapinda. Nikaigeuza simu huku, nikaigeuza kule. Mtu hayumo, mnyama hayumo, mti haumo. Nikamwambia kweli: "Mzee, mimi sioni kitu."

"Hata mimi sioni kitu," akasema. "Na hicho nisichokiona ndicho nilichokiuzia mbuzi wawili."

Kumbe picha ile ilikuwa kazi ya binti yake, ambaye yuko Dar es Salaam mwaka wa pili akisoma sanaa. Binti alikuwa ametuma ujumbe kwamba sasa anajifunza kuchora kwa ukubwa, si kwenye karatasi tena bali kwenye kitambaa cha mita 3 kwa 2, tena picha zisizo na mfano wa kitu chochote, ambazo wasomi huziita picha dhahania. Basi akaomba fedha za mita 12 za marekani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi, na fedha za rangi juu yake. Mzee alitaka nimwandikie barua, barua hasa ya karatasi, kwa sababu maneno ya simu hufutika. Niandike kwamba fedha hakuna, na kwamba atafute nafasi katika uuguzi. "Muuguzi akichoma sindano, watu wanaona amechoma sindano," alisema mzee.

Wasomaji, msimcheke. Nyuma ya binti huyo wako watoto watatu wanaosoma, na ninyi nyote mnajua mavuno yetu ya mwaka ule yalivyokuwa. Nikamwomba mzee tungoje, maana likizo ilikuwa karibu na binti angekuja nyumbani, amweleze mwenyewe. Akakubali. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa hekima. Siku ile nilikuwa na vyeti 14 vya ubatizo vya kuandika, na mkono umechoka.

Lakini usiku picha ile ilinirudia. Nilijiuliza niliiona wapi, hata nikakumbuka: Kolo.

Nilipokuwa chuo cha ualimu kule Kondoa, tulipelekwa siku moja kutazama michoro ya kale katika miamba ya Kolo, kaskazini ya mji, kando ya barabara ya Babati. Mahali hapo sasa ni mashuhuri duniani, kwa kuwa mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo ya michoro katika urithi wa dunia, na mapango na miamba yenye michoro inapita 150. Mwaka 1951 mama mmoja Mwingereza, Mary Leakey, alikaa huko miezi kadhaa akinakili michoro hiyo, baadaye akaitolea kitabu. Sisi wanafunzi tulipanda mlima tukihema. Tulipofika, mmoja akasema, "Twiga!" Mwingine akasema, "Pofu yule!" Na kila tukishataja jina la mnyama, tulimpita, kama watu waliokwisha kujibu swali la mtihani. Kisha tukafika penye maduara, duara ndani ya duara, na mengine yana mistari inayotoka pande zote. Hapo hakuna aliyepaza sauti. Nakumbuka vizuri kwamba mahali ambapo hatukuwa na jina la kutaja ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote.

Jambo jingine niliona kule bila kulielewa. Michoro myekundu, ambayo ndiyo ya kale zaidi, ina mistari myembamba sana, watu wake ni warefu na wembamba kama mabua ya uwele. Michoro myeupe, iliyokuja baadaye, ina mistari minene iliyopakwa kwa kidole. Tena mahali pengine nyeupe imepakwa juu ya nyekundu bila kuomba radhi. Mwamba ni ule ule; lakini mtu mwenye kijiti chembamba na mtu mwenye kidole hawawezi kuchora kitu kimoja, hata wakitaka. Kidole hakina nafasi ya kuchora kucha za mnyama, kwa hiyo hutafuta kingine cha kufanya.

Paroko aliniruhusu kutumia kompyuta ya ofisi jioni, nami nikatafuta habari za watu wa Afrika ya Mashariki waliopita njia ya binti huyu. Nikakuta kwamba habari nyingi zinaanzia Makerere, Uganda. Huko Mama Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937 barazani kwake. Njia yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi jambo, kisha kila mmoja achore jinsi alivyoliona akilini. Mwenzetu Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa 1923, alitoka katika mafunzo hayo, na picha zake za watu shambani na kazini mtu yeyote huzitambua. Mzee wangu angezipenda sana.

Mama Trowell alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1950, akaja Cecil Todd kutoka Afrika ya Kusini, na mafunzo yakageuka. Huyu aliwafundisha wanafunzi elimu ya rangi zenyewe, na habari za wachoraji wa siku hizo wa Ulaya, mambo ambayo Mama Trowell hakuyapendelea kwa kuogopa kwamba wanafunzi wangeacha ya kwao. Nani alikuwa na haki? Mimi naona wote wawili walikuwa na kitu cha kuogopa, maana yuko mwanafunzi anayefungwa na cha kwao, na yuko anayepotelea katika cha wenzao.

Wakati wa Todd alisoma hapo Theresa Musoke, aliyezaliwa Kampala mwaka 1944 na kuhitimu 1965. Huyu ndiye aliyenikalisha mbele ya kompyuta mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nalala humo. Alipokuwa bado mwanafunzi alipata ukuta katika Mary Stuart Hall, bweni la wanafunzi wa kike, akapaka picha kubwa ya habari za kuzaliwa na uhai mpya. Fikirini: mwanafunzi, na ukuta mzima! Baadaye alikwenda Marekani kusoma zaidi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kisha akaishi na kufundisha Kenya miaka mingi. Wanyama katika picha zake hukaa katikati ya kuonekana na kutoonekana. Utadhani umeona shingo ya twiga, ukitazama tena ni rangi tu zinazopishana. Wala hakubaki na brashi na rangi za mafuta peke yake, alichukua rangi za kutia nguo na njia ya batiki, akaviingiza katika uchoraji.

Basi likizo ikafika, na binti akaja. Alibeba vitambaa viwili vilivyoviringishwa kama mikeka. Cha kwanza ndicho tulichokiona katika simu. Cha pili kilikuwa cheupe bado, pande mbili za mita 3 zimeshonwa pamoja. Mzee akaniita, nadhani ili niwe shahidi. Tukatandaza kile cha kwanza kwenye uwanja wa kupuria. Nami hapo nikaona aibu, kwa sababu kitu nilichokihukumu katika simu kwa upana wa kiganja, sasa nilihitaji hatua nne kukipita. Mstari mweupe ambao kwenye simu ulikuwa kama unywele, hapa ulikuwa mpana kama mguu wa mtu, na ndani yake mna mipasuko.

Hata hivyo binti mwenyewe akasema, "Hiki hakikufaa, baba." Mzee akanitazama. Mbuzi wawili!

Binti alieleza kwamba alikuwa na mchoro mdogo katika daftari, wa sentimita 30 kwa 20, unaompendeza. Kila akiukuza unakufa. Hapo mimi nikafurahi, nikajiona mwalimu. Nikamwambia dawa ni rahisi, ni ile tuliyofundishwa chuoni ya kukuza ramani kutoka kitabuni hadi ubaoni: piga miraba midogo kwenye mchoro, piga miraba mikubwa kwenye kitambaa, kisha hamisha kilichomo mraba kwa mraba. Siku mbili nilishinda pale na kamba na makaa, nikapiga miraba mizuri sana. Binti akahamisha, akapaka.

Ilikuwa kazi mbaya. Hata mtoto mdogo wa pale nyumbani alisema ni kama ramani ya wilaya.

Nimefikiri sana kwa nini, na nadhani nimepata sehemu ya jibu. Ukikuza upande mara 10, eneo halikui mara 10, hukua mara 100. Daftari lina sentimita za mraba 600; kitambaa kina 60,000. Rangi iliyotosha kijiko kimoja sasa yataka vijiko 100, yaani karibu nusu lita. Na rangi hiyo ikienea haibaki ile ile machoni. Mnakumbuka ukumbi wetu ulipopakwa? Tulichagua kijani kwenye kadi ndogo ya duka, kijani kipole kabisa, na kilipojaa kuta nne akina mama wa kwaya wakasema kinawakaba koo. Ndivyo ilivyo kwa mstari pia. Katika daftari vidole huandika na kifundo cha mkono hugeuka. Kwenye kitambaa ni bega linalokwenda, na kiuno, na miguu. Nilikuwa nimemlazimisha binti wa watu kuiga kwa bega lake mambo yaliyofanywa na vidole vyake. Ramani huvumilia kuigwa hivyo, kwa sababu mto wa Ruaha upo hata usipochorwa vizuri. Picha isiyo ya kitu haina kitu kingine cha kuitegemeza isipokuwa mkono ulioifanya.

Siku ya tatu binti alikigeuza kitambaa kile kilichoharibika, akakitandaza chali, nyuma juu. Alidhani atatumia nyuma kwa kupunguza hasara. Nyuma palikuwa na jambo. Marekani haikupakwa kitu cha kuziba kabla ya rangi, kwa hiyo pale alipotia maji mengi rangi ilikuwa imepenya, na miraba yangu ya makaa haikupenya. Palibaki madoa makubwa yenye kingo laini, mengine yameungana kama maji ya mvua yanavyokutana bondeni. Binti akakaa chini, hakusema neno. Baadaye akanieleza kwamba yuko mwanamke Mmarekani, Helen Frankenthaler, ambaye mwaka 1952, akiwa na miaka 23, alilaza kitambaa kikavu sakafuni akamwagia rangi ya mafuta iliyozimuliwa, ikanywewa na uzi. Kitambaa kile kilikuwa mita 2.2 kwa karibu 3, sawa na hiki chetu au zaidi kidogo. Lakini mafuta hula kitambaa kisichozibwa, nacho huchakaa mapema. Hilo lilinigusa kwa sababu ya fedha za mzee, nikauliza kama chetu nacho kitaoza. Akasema hapana, yeye hakutumia mafuta. Ametumia udongo uliochungwa kwa kitambaa, ukachanganywa na gundi nyeupe ya maseremala na maji.

Kuanzia hapo aliacha daftari ndani. Alifunga brashi kwenye mti mrefu, akapaka amesimama. Nilidhani ni mchezo wa vijana, mpaka nikasoma habari za kanisa dogo la masista Wadominiko kule Vence, Ufaransa, lililokamilika 1951, mwaka ule ule Mary Leakey alipokuwa Kolo. Mchoraji Henri Matisse alikuwa mzee wa miaka 81, hana nguvu za kusimama muda mrefu, akafunga chombo chake kwenye mwanzi mrefu, akachora ukutani kutoka mbali. Na vioo vya madirisha ya kanisa hilo vina maumbo kama majani tu, ya manjano, kijani na buluu, wala hakuna mtakatifu hata mmoja ndani yake. Jua likipita, rangi huanguka sakafuni.

Mti ulipokuwa mwepesi mno kwake, binti alichukua ufagio wa uani, akauchovya katika chokaa, akakokota kutoka pembe hii hadi ile akitembea kinyumenyume. Mama yake alipiga kelele kwa ajili ya ufagio. Mara tatu alikosea, akafuta kwa maji. Mara ya nne aliacha.

Lazima niseme na hili. Siwasifu wanafunzi wote wa namna hii. Nimetazama picha nyingi katika kompyuta ile, na nyingine naona ni kubwa kwa kuwa hazina lingine la kuwa. Mtu akikosa neno hupaza sauti. Hilo hata sisi tunaosoma matangazo kanisani tunalijua. Na mwanafunzi akiniambia kwamba hakuna kosa katika picha isiyo ya kitu, namtilia shaka. Nilimwona huyu akifuta mara tatu, na kila mara, sijui kwa nini, hata mimi niliona kwamba ni kweli ilifaa kufutwa.

Jioni ile mzee alirudi kutoka bondeni na ng'ombe. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa kwenye kamba kati ya ukuta wa nyumba na mti. Akasimama mbele yake, fimbo begani. Nilijiandaa kujibu lile swali lake, picha ya nini, na nilikuwa nimetunga jibu refu lenye Kolo na Makerere. Hakuliuliza. Alisogea, akainama, akakwaruza kidogo kwa ukucha mahali palipokuwa pekundu zaidi, akanusa.

"Udongo huu umetoa wapi?" akamwuliza binti.

"Kwenye lile shimo la matofali, baba."

"Shimo la juu au la chini?"

"La chini."

"Nilijua," mzee akasema. "La juu lina mchanga." Akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama tena kwa muda ambao ndama wawili waliutumia kuingia katika mihogo ya jirani.

Baada ya chakula alitaka hesabu. Binti akasema mita 12 ni za picha mbili. Mzee akauliza kama mtu hawezi kujifunza kwa picha moja. Binti akasema atajaribu, lakini akiharibu hatakuwa na nyuma ya kugeuza mara mbili. Wakabishana, kwa adabu, nami nikanywa chai. Mwisho mzee alikubali mita 6 sasa, na 6 nyingine alizeti ikishauzwa, kama bei itakuwa ya watu. Udongo hautanunuliwa, gunia moja litapelekwa kwa basi, na nauli ya gunia ni juu ya mjomba. Habari ya uuguzi haikutajwa siku ile, ingawa sidhani kama mzee ameiacha, kwa sababu juma lililopita aliniuliza tena fomu hutoka mwezi gani.

Lilibaki suala la kile kitambaa cha kwanza. Mzee alisema kama hakifai kwa picha, kitafaa kufunika karanga. Binti akakataa, akasema rangi zake zile za mwanzo ni za dukani na hazitakiwi kugusa chakula. Basi kimefunikwa juu ya matofali mabichi, nyuma ya nyumba, kimekandamizwa kwa mawe manne. Mvua ya kwanza ilipokuja matofali hayakulowa. Ukipita njia ya kwenda kisimani unakiona upande wa kushoto, na watoto wakitoka shule husimama pale.